Imani Yetu na Kitabu cha Pesa

(Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia, semina ya parokia)



Akina mama, akina baba na vijana, nimeombwa niongee juu ya kuitetea imani katika dunia ya kisasa. Labda wengine mlikuja na Biblia mkidhani nitawafundisha kubishana na wasioamini. Sivyo. Nitaanza na aibu yangu mwenyewe.

Juni 2024 vijana wetu waliandamana kupinga Mswada wa Fedha. Hawakuishia kuuliza wabunge maswali. Waligeukia makanisa pia: mbona mwanasiasa akileta bahasha anapewa maikrofoni mbele ya altare? Siku hizo kijana mmoja wa jumuiya yetu aliniuliza, "Mama, hiyo imani yenu bei yake ni ngapi?" Nilimkaripia. Nikamwambia vijana wa leo hawana heshima, simu zimewaharibu. Akaenda zake kimya.

Lakini mbona nilikasirika hivyo? Wiki mbili kabla, kikundi chetu cha akina mama kilipokea shilingi 40,000 kutoka kwa mheshimiwa mmoja, za kununua tangi la maji. Tuliimba, tukapiga makofi, tukaambiwa tujue wa kumkumbuka siku ya kura. Mwekahazina alipouliza aandike nini kitabuni, aliambiwa anyamaze. Na mimi nilikuwa pale, nimenyamaza.

Mtume Petro, katika barua yake ya kwanza, sura ya 3, anataka tuwe tayari kumjibu anayetuuliza sababu ya tumaini letu, tena kwa upole na heshima. Mimi sikuwa na upole, na jibu sikuwa nalo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya 1965 juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, ulihesabu kutenganisha imani na maisha ya kila siku kuwa kosa kubwa la nyakati zetu. Kumbe kosa hilo lilikuwa kwenye kikundi changu, chini ya mwembe.

Tarehe 17 Novemba 2024, Rais alihudhuria Misa katika kanisa Katoliki la Soweto, Nairobi, akatoa pesa, zikiwemo shilingi milioni 2 za nyumba ya mapadre. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo alitangaza kwamba zirudishwe, Kanisa lisije likatumiwa kisiasa.

Habari hiyo niliipeleka kikundini. Ndugu zangu, haikuwa rahisi! Mama mmoja alisimama akasema, "Mjini wana maji ya bomba. Sisi tunashuka mtoni na mitungi mgongoni." Alisema kweli, na sikuwa na la kumjibu. Tulijadili mikutano mitatu, kisha tukapiga kura: 19 turudishe, 7 tukatae. Tulirudisha. Wanachama wanne walijitoa. Tangi tulilinunua baada ya miezi minane, kwa michango yetu wenyewe, na miezi hiyo yote tulishuka mtoni.

Nilikwenda kwa yule kijana, mbele ya mama yake, nikamwomba msamaha. Hakuniambia atarudi kanisani. Aliomba tu kuona kitabu cha pesa. Alikisoma ukurasa kwa ukurasa, akapata kosa la shilingi 150 tukalirekebisha. Siku hizi ndiye anayetukagulia hesabu. Misa bado haji kila Jumapili, nisiwadanganye. Lakini anauliza maswali, na mimi najibu bila kufoka.

Sisemi kila msaada ni mbaya. Msamaria mwema alilipa gharama za yule majeruhi, na hakumdai chochote. Hapo ndipo tofauti ilipo. Kwa hiyo nawaomba mshike mambo manne:

1. Zawadi yoyote iandikwe siku hiyo hiyo: kiasi, jina la mtoaji na kazi yake.

2. Kabla ya kupokea, ulizeni mbele ya wote: huyu anataka nini kwetu? Kama hawezi kusema wazi, mwambieni asante, abaki nayo.

3. Kitabu cha pesa kiwe wazi kwa kila mwanachama, na kijana mmoja awe kwenye kamati ya ukaguzi.

4. Kijana akiuliza swali gumu, msimwite mkaidi. Mara nyingi anayeuliza bado anatafuta. Aliyekata tamaa haulizi tena.

Ndugu zangu, watoto wetu wanasikia mahubiri mengi, redioni na kwenye simu. Maneno hayawapungukii. Wanatuangalia sisi tukihesabu pesa, tukigawa mbolea, tukimchagua mwenyekiti. Wakiona haki pale, tutakuwa na la kuwaeleza juu ya Kristo. Wakikosa kuiona, hata tukikariri Katekisimu yote hawatatusikiliza.

Mungu awabariki.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Je, kuna pesa tulizopokea ambazo hazimo kitabuni? Tutafanya nini?

2. Ni swali gani la vijana tunaloliogopa? Kwa nini?

3. Aliyeshuka mtoni miezi minane, tutamwambia nini?