Nani Hayupo Darasani?

Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima

Maneno ya kusoma kwanza. Mwalimu ayaandike ubaoni: ulemavu, kizuizi, mteremko, maandishi ya nukta, lugha ya alama.

Kabla hatujaanza, jihesabuni mliokaa hapo kwenye benchi. Sasa fikirini mtaa wenu au kijiji chenu, nyumba hata nyumba. Je, yuko mtu mzima asiyejua kusoma ambaye hakuja hapa kwa sababu haoni, au hasikii, au hawezi kutembea? Kama yuko, somo la leo lamhusu yeye, nanyi ndio mtakaomfikishia.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba watu kama bilioni 1.3 wana ulemavu mkubwa. Maana yake, katika kila watu sita, mmoja anao. Basi si jambo la nyumba moja yenye bahati mbaya. Wazee wetu walisema, kabla hujafa hujaumbika.

Ulemavu ni nini?

Ulemavu una sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni upungufu katika mwili au akili: jicho halioni, sikio halisikii, mguu haunyanyuki. Sehemu ya pili ni kizuizi anachokutana nacho mtu huyo.

Chukueni mfano. Mtu anatumia kiti cha magurudumu. Amefika kwenye ofisi ya kijiji, na mlangoni pana vidato viwili. Anabaki nje juani, shauri lake linasemwa na mtu mwingine. Fundi akijenga mteremko mahali pa vidato, mtu yule yule, mwenye miguu ile ile, anaingia na kusema mwenyewe. Miguu haikubadilika. Kilichobadilika ni mlango.

Ndivyo unavyoeleza Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Sasa tutazame aina za ulemavu, na katika kila moja tuulize: kizuizi ni kipi, na nani aweza kukiondoa?

Ulemavu wa viungo

Wako waliozaliwa nao, waliopooza kwa ugonjwa, na walioumia kazini au barabarani. Mtoto akizaliwa na nyayo zilizopinda kwa ndani, msimfiche, wala msiseme amerogwa. Apelekwe hospitali katika majuma ya kwanza. Mganga hunyosha mguu kidogo kidogo na kuufunga plasta ngumu, akiibadili kila juma. Baadaye mtoto huvaa viatu maalumu, hasa usiku, kwa miaka kadhaa. Wazazi wakivumilia mpaka mwisho, wengi wa watoto hao hutembea vizuri. Wakichelewa, kazi huwa ngumu zaidi.

Kutoona

Mtoto wa jicho, yaani ukungu katika mboni, ni chanzo kikubwa cha upofu duniani, nao huondolewa kwa upasuaji mfupi. Yawezekana babu yenu anayeongozwa na mjukuu angeweza kuona tena. Mjukuu naye angekwenda shule. Ulizeni hospitalini kabla ya kukata tamaa.

Kwa asiyeona kabisa, yako maandishi ya nukta. Aliyeyabuni ni Louis Braille, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1809. Aliumia jicho katika karakana ya baba yake akiwa na miaka mitatu, kisha akawa haoni kabisa. Mwaka 1824, akiwa kijana wa miaka 15, alipanga nukta sita zilizoinuka kwenye karatasi, na kwa kuzibadilisha akapata herufi zote. Msomaji hupitisha ncha za vidole. Hapa kwetu, shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilianza mwaka 1950.

Ukitaka kumwongoza asiyeona, usimvute fimbo. Taja jina lako, mwulize kama ataka msaada, kisha mpe kiwiko chako akishike.

Kutosikia

Watu humwita kiziwi "bubu", na wengine hudhani hana akili. Hilo ni kosa. Wengi wana sauti, lakini mtoto hujifunza kusema kwa kusikia, naye hakusikia. Lugha yake ni lugha ya alama, yenye maneno na kanuni zake kama Kiswahili. Tanzania ina lugha yake ya alama, na Kenya ina yake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeiweka kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Shule ya viziwi ya Tabora ilianza mwaka 1963.

Ukisema na kiziwi, simama penye mwanga, mtazame usoni, usipige kelele. Tumia mikono. Jifunze alama zake japo kumi.

Na hapa pana jambo zito. Sauti ya redio haimfikii kiziwi, ndiyo maana somo hili limechapwa. Lakini lililochapwa halimfikii asiyejua kusoma. Kiziwi asiyejua kusoma amefungiwa milango miwili.

Ulemavu wa akili

Huyu hujifunza polepole. Si mwenda wazimu, wala si mtoto wa kucheka. Kazi ikigawanywa vipande vidogo na kurudiwa kwa upole, wengi hujifunza kuteka maji, kulisha kuku, kuuza dukani. Kumfungia ndani hakumlindi. Humnyima hata kile kidogo ambacho angejifunza.

Ualbino

Ngozi ya mtu mwenye ualbino haina rangi ya kutosha kumkinga na jua, na macho yake huona kwa shida. Hurithiwa kutoka kwa baba na mama wote wawili. Hauambukizi, wala si laana. Waliosema viungo vyake huleta utajiri walisema uongo, na uongo huo umeua watu katika nchi yetu. Mwaka 2010 wananchi wa Lindi Mjini walimchagua Salum Khalfan Barwany, mwenye ualbino, kuwa mbunge wao. Anachohitaji mtu huyu ni kofia pana, mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua, na kiti cha mbele karibu na ubao.

Tufanye nini?

Sheria ipo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi aajiri watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Lakini sheria haibishi hodi nyumbani kwa jirani yako. Wewe waweza.

Kwanza, angalieni jina. Semeni "mtu mwenye ulemavu". Kama hamjui jina lipi linampendeza, mwulizeni. Viziwi wenyewe wamekiita chama chao Chama cha Viziwi Tanzania.

Pili, semeni naye mwenyewe. Msimwulize ndugu yake, "Huyu anataka nini?"

Tatu, tazameni mlango wa darasa lenu. Kwa kila sentimita 1 ya kimo, mteremko uwe na urefu usiopungua sentimita 12. Vidato vikiwa na kimo cha sentimita 30, hesabu ni hii: 30 mara 12 ni 360. Yaani mita 3 na sentimita 60. Mawe, mchanga, saruji kidogo, na siku moja au mbili za kazi ya pamoja.

Nne, msimpe sadaka mkadhani mmemaliza. Sadaka huondoa njaa ya leo. Anayejua kusoma atapima mzigo wake mwenyewe na kusoma hati kabla ya kutia kidole.

Maswali ya kuzungumza

1. Ulemavu una sehemu zipi mbili?
2. Kwa nini si haki kumwita kiziwi "bubu"?
3. Vidato vya mlango wenu vina kimo gani? Mteremko uwe na urefu gani?
4. Darasani kwenu, ni kizuizi kipi chaweza kuondolewa juma hili?

Kazi ya nyumbani: kila mmoja aandike jina la mtu mmoja ambaye angependa kusoma lakini amezuiwa. Aende kwake, amwulize nini kinamzuia, aandike jibu lake. Juma lijalo mwalimu ataomba majibu hayo, na ikiwezekana mje na watu wenyewe.