Mto Haukuhama
Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya wanachama, siku ya kutimiza miaka kumi



Tumeombwa tuseme machache juu ya mji wetu wa Jinja. Tunayasema hapa Walukuba tukijua kwamba habari za mji na habari za sanduku letu haziachani.

Jina Jinja limetokana na mawe ya mtoni. Mwaka 1862 Mwingereza Speke alifika akatangaza kuwa Naili inaanzia hapa, lakini Wasoga walikuwa wakiuita mto huo Kiyira tangu zamani. Mwaka 1931 daraja la reli likatuunganisha na Kampala. Mwaka 1954 bwawa la Owen Falls likafunguliwa. Maporomoko ya Ripon yakapotea, umeme ukawaka, viwanda vikafuata: vya nguo, na cha kuyeyusha shaba ya Kilembe. Wafanyakazi wakaja toka pande zote, hata Kenya, wakapata nyumba Walukuba. Kila mmoja na lugha yake, ndipo Kiswahili kikatupatanisha.

Halafu mwaka 1972 Idi Amin akawafukuza Waasia, waliomiliki viwanda na maduka mengi. Vipuri vikakosekana, mashine zikanyamaza. Jamani, mto haukuhama, maji yalikuwa yale yale. Kilichoondoka ni mshahara. Nani aliwalisha watoto? Si akina mama, waliouza mukene, mihogo na mkaa?

Leo mambo yanabadilika. Mwaka 2018 tulipata daraja jipya la Naili, na tarehe 1 Julai 2020 Jinja ikawa jiji. Tunafurahi. Lakini jiji haligawi viwanja bure, na asiye na akiba atasukumwa pembeni.

Wako wenzetu wanaotaka sanduku livunjwe leo, kila mtu achukue chake. Hatuwalaumu, karo za shule zinabana kweli. Ila wazee wetu walitegemea mlango mmoja, na ulipofungwa walilala njaa. Kwa hiyo tunaomba hivi: faida tugawane, akiba ya msingi ibaki, tununue kiwanja cha kikundi chenye hati kwa jina letu sote.

Kura ni mchana huu. Tafadhali msiondoke baada ya chakula!