Kabla ya kuomba mbwa



Mei 2023, maji yaliposhuka Bushushu na Nyamukubi, kule Kalehe, mamia ya watu walikufa, na watu walichimba kwa mikono na majembe. Tangu pale wengi mnatuambia: tuombe mbwa wa kutafuta watu. Siye tunasema, kwanza afunzwe yule atakayeshika kamba.

Pua ni ya mbwa, lakini upepo lazima mtu aujue. Bulongo ulioshiba maji unafunga harufu chini. Wenye kujua kazi hii wanatoboa matope kwa chuma kirefu, wanangoja harufu ipande, kisha mbwa anatembezwa upande ule upepo unakoelekea. Mbwa akichoka hasemi; kiongozi wake ndiye anasoma mkia, masikio na pumzi.

Tena si mbwa wote wanafanya kazi moja. Wale wa parke ya Virunga, walioanza 2011, wanafuata njia ya mtu mmoja wakinusishwa kitu chake. Juu ya matope, inaomba formasio ingine.

Ila kuna kazi isiyongoja mbwa. Mtoto akipotea porini, shati lake lisipite mkono kwa mkono: mnaliinua na kijiti, mnalitia ndani ya sashe safi. Na pale alipoonekana mwisho, msipakanyage!

Tunaomba mchango wa kufunza watu 2 kila kijiji. Majina yafike kwa katibu mbele ya mvua ya Septemba.