Nafasi Isiyoonekana

Sogeeni karibu na redio, mshike penseli na daftari. Mwalimu wa darasa ataandika ubaoni yale nitakayoyataja polepole.

Andikeni neno moja: Makambako. Hesabuni herufi zake kwa kidole. Ni ngapi? Ni 9. Vizuri! Kazi hiyo ya kidole ndiyo somo letu la leo.

Siku hizi makarani wengi huweka hesabu za mazao katika kompyuta, kwenye lahajedwali. Lahajedwali ni ukurasa wenye visanduku vilivyopangwa kama daftari la karani. Safu zina herufi, na mistari ina namba. Kisanduku cha safu B, mstari wa 3, huitwa B3.

Sasa tuseme wakulima watatu wameleta parachichi Makambako. Wa kwanza ana kilo 120, wa pili 85, wa tatu 95. Jumlisheni. Mmepata 300? Ndiyo. Lakini kompyuta yasema 215! Kilo 85 zimekwenda wapi?

Hazikwenda popote. Zimo katika B3, kila mtu anaziona. Ila karani alizinakili kutoka ukurasa wa intaneti, na nyuma ya tarakimu 5 ikaingia nafasi tupu. Macho hayaioni, lakini kompyuta yaiona. Kwake yeye, 85 hiyo si namba tena, ni maandishi tu. Nayo maandishi huyaruka katika kujumlisha, bila kumwambia mtu.

Kwa nini? Ndani ya kompyuta kila herufi ina namba yake. A kubwa ni 65. Nafasi ya kawaida baina ya maneno ni 32. Tena iko nafasi nyingine, namba 160, iliyowekwa ili maneno mawili yasitengane mwishoni mwa mstari. Kwa macho ni mapacha. Kwa kompyuta ni vitu viwili. Hivyo hata Njombe yenye nafasi hiyo nyuma huhesabiwa kuwa mahali pengine, si Njombe.

Basi tufanyeje? Kwanza, tazama. Namba hukaa upande wa kulia wa kisanduku. Ukiona 85 imeegemea kushoto, ishuku.

Pili, hesabu herufi, kama tulivyofanya kwa kidole. Katika kisanduku kitupu andika:

=LEN(B3)

85 ina tarakimu 2. Kompyuta ikijibu 3, mgeni yumo.

Tatu, mtoe mgeni huyo. Kwa namba, andika:

=VALUE(SUBSTITUTE(B3,CHAR(160),""))

Maana yake: ondoa nafasi namba 160, kisha yafanye maandishi yawe namba. Kwa majina yaliyo katika safu A, andika:

=TRIM(SUBSTITUTE(A3,CHAR(160)," "))

Hapo 160 inageuzwa kuwa nafasi ya kawaida, kisha TRIM hufuta nafasi za mwanzo na za mwisho, na baina ya maneno hubakiza moja tu. TRIM peke yake haitoshi, kwa kuwa haiigusi 160. Fanya kazi hii katika safu tupu, wala usifute ile ya zamani kabla ya kulinganisha.

Nawe ndugu usiye na kompyuta, usidhani somo hili si lako. Kilo 85 zilizopotea huenda ni zako. Kabla ya kutia sahihi, omba kuona orodha, kisha jumlisha mwenyewe kwa penseli. Hesabu zikipishana, usione haya kuuliza. Kompyuta ni chombo. Mwenye mali ni wewe.

Zoezi: Andikeni Njombe. Kompyuta imehesabu herufi 7. Je, pana kasoro? Jadilianeni darasani.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.