Bei ya umeme ikipanda, nani abebe mzigo?

Katika mazungumzo yetu ya amani tumezoea kusema juu ya mashamba, mipaka na maneno ya chuki. Leo nataka tuseme juu ya kompteri ya umeme. Musicheke. Nimeona panga likitoka nje kwa ajili ya kompteri.

Si zamani niliitwa kupatanisha watu katika parsele moja ya mjini. Parsele hiyo ina kompteri moja tu, ile ya kununua yunite mbele ya kuwasha, na jamaa nne zinakaa humo. Mwenye parsele yuko mbele. Wapangaji wawili wako katikati. Nyuma, katika chumba kidogo, yuko mama mmoja aliyekimbia kijiji chake na watoto wake. Bei ikapanda. Yunite zilizokuwa zinatosha juma moja zikaisha kwa siku nne. Mwenye parsele akasema: kila jamaa ilipe sawa na nyingine. Yule mama ana taa moja, tena anachaji simu moja. Akasema hawezi. Wakakata waya wake. Usiku kijana wake akaurudisha waya kwa siri, na asubuhi jirani akapiga kelele: «Hawa wakuja ndio wanatula umeme!»

Mimi nilisoma sheria, na mtu wa sheria hupenda kuuliza kwanza: kosa ni la nani? Lakini siku ile swali la kwanza lilikuwa lingine: bei hii imetoka wapi?

Kufanya umeme kuna gharama. Kuna mitambo, nyaya, transfo, mafuta ya kulainisha, mishahara. Serikali inaweza kusema: raia asilipe gharama yote, sehemu nyingine italipwa na hazina ya nchi. Hiyo sehemu ndiyo inaitwa ruzuku. Katika maofisi mutasikia «sibsidi». Wakati mwingine hakuna anayeandika neno hilo. Umeme unauzwa tu chini ya gharama yake, na deni linabaki kwa kampuni. Kwetu Kongo, SNEL iliuza hivyo kwa miaka mingi. Inga ya kwanza ilianza 1972, Inga ya pili 1982, na kwa muda mrefu mitambo mingi pale ilisimama kwa kukosa matengenezo. Bei ndogo peke yake haikuleta ubaya huo, kulikuwa na wizi na uongozi mbaya pia. Lakini umeme wa bei ndogo usiowaka, mama wa nyumbani ataupikia nini?

Sasa, ruzuku hii inamfikia nani? Katika nchi yetu, kwa watu watano, aliye na umeme ni kama mmoja. Ukipunguza bei ya kila yunite, mwenye friji mbili na kilimatizeri anapata msaada mkubwa sana. Mwenye taa moja anapata kidogo. Anayepika kwa makala, jioni akawasha toshi, hapati kitu. Na pesa hizo ni za wote: hata mama anayeuza mafungu ya sombe analipa kodi ya soko. Kwa hiyo mimi siwezi kusimama hapa na kuwaambia kwamba ruzuku ya namna hiyo ni haki ya maskini.

Lakini ngojeni, wakubwa wanaosikiliza wasifurahi mapema. Ukiiondoa kwa siku moja, anayeumia ni yuleyule ambaye hakuipata. Mwenye mashini ya kusaga anapandisha bei ya kusaga. Mwenye pompi ya maji anapandisha bei ya bidoni. Wenye nyumba za umeme wanarudia makala, na bei ya makala inapanda kwa yule aliyekuwa nayo peke yake. Mtu hana waya, lakini fakitire imemfikia.

Tuangalie nchi nyingine. Huko Nigeria, nyumba nyingi hupata umeme kwa jenereta, basi bei ya esanse ni bei ya taa pia. Tarehe 1 Januari 2012 serikali iliondoa ruzuku ya esanse. Kutoka naira 65 kwa litre, bei ikafika kama 141. Watu walilala sikukuu wakaamka na bei mpya. Mgomo wa nchi nzima ulianza tarehe 9, kukawa na vifo, na tarehe 16 serikali ikashusha bei mpaka 97. Hesabu ya wizara pengine ilikuwa sawa. Lakini raia hawakuamini kwamba pesa iliyookolewa itawarudia.

Iran, Desemba 2010, walipandisha bei ya mafuta, umeme na mkate, lakini waliweka kwanza pesa katika akaunti za jamaa: riali 455,000 kwa kila mtu kwa mwezi. Siku bei ilipopanda, pesa ilikuwa tayari. Baadaye bei za sokoni zilipanda sana na ile pesa ikapoteza nguvu, kwa hiyo sisemi ilikuwa dawa ya kila kitu. Nasema mpango wao ulianza mahali panapofaa: msaada mbele, bei nyuma.

Kuna njia nyingine: yunite za kwanza ziwe za bei ndogo, na anayetumia sana alipe zaidi. Ni nzuri, lakini ina mtego ambao watu wa maofisi hawauoni kwa sababu hawakai katika parsele yenye jamaa nne. Nichukue hesabu ya ng'ambo ya mpaka. Najua jina la nchi hiyo linawaumiza wengi wenu. Nachukua hesabu tu. Bei iliyowekwa Rwanda mwaka 2020 ilikuwa faranga 89 kwa kila yunite katika 15 za kwanza za mwezi, na 212 kutoka hapo mpaka 50, bila kodi. Jamaa tatu, kila moja na kompteri yake, kila moja ikitumia yunite 15, zingelipa pamoja 4,005. Ziweke kwenye kompteri moja. Yunite ni zilezile 45, lakini malipo ni 7,695. Maskini watatu waliokusanyika wanahesabiwa kama tajiri mmoja! Na ninyi muliokimbia vita, karibu wote muko katika kompteri ya mwingine.

Kwa hiyo, viongozi wa mitaa, mukiitwa kusikiliza habari ya bei mpya, ulizeni hili: parsele yenye jamaa nyingi itahesabiwa namna gani? Katiba ya 2006, kifungu 48, inahakikisha haki ya kupata umeme. Sheria ya tarehe 17 Juni 2014 ilifungulia kampuni za watu binafsi mlango wa kuuza umeme, na iliweka pia mamlaka ya kuzichunga, ARE. Barua yenye sahihi za avenyu nzima, pamoja na nakala za risiti, ina uzito kuliko kuchoma matairi. Na kuandamana si kosa: kifungu 26 kinataka waandaaji wajulishe wakubwa kwa maandishi. Lakini mahali bunduki inapotawala, pimeni kwanza usalama wenu. Sitamtuma mtoto wa mtu barabarani nikiwa nimekaa mbele ya mikro.

Turudi kwa yule mama. Tulikaa kutwa nzima. Tuliandika vyombo vya kila nyumba: taa na simu ni sehemu 1, televizyo sehemu 2, pasi sehemu 2, friji sehemu 5. Tulipojumlisha, ilionekana kwamba mwenye parsele, na friji yake, alikuwa akibebwa na wengine, na yule «wakuja» ndiye alikuwa akimbeba. Watu walinyamaza. Daftari lilitundikwa karibu na kompteri, na kila risiti inaandikwa humo mbele ya wawili. Waya ukarudishwa mchana, mbele ya macho ya wote, na kijana yule ndiye aliyeshika ngazi.

Mwenye parsele alinung'unika siku mbili tatu. Mwezi uliofuata alikuja kuniuliza kama friji inaharibika ukiizima usiku.

Bwana shefu, kama una parsele ya namna hiyo, anza na daftari kabla ya bei kupanda tena. Juma lijalo, saa hiihii, tutaongea juu ya karatasi ya kupanga nyumba: mambo gani yaandikwe, na nani aweke sahihi.