Muulize mgombea sera, usimuulize babu yake

Maneno yaliyosemwa mbele ya wananchi wa Nkowe, Ruangwa



Uchaguzi ukikaribia, minong'ono huanza: huyu si mwenzetu, yule Mwarabu. Leo tumtazame Dk. Salim Ahmed Salim, kisha uamue mwenyewe.

Salim alizaliwa Zanzibar mwaka 1942, naye ana asili ya Kiarabu. Mwaka 1964, akiwa na miaka 22 tu, alikuwa balozi wetu Misri. Kuanzia 1970 akatuwakilisha Umoja wa Mataifa. Wazee mnaikumbuka kambi ya FRELIMO pale Nachingwea. Basi, vijana wa Msumbiji walipokuwa wakijifunza kushika bunduki pale, Salim alikuwa New York akiongoza kamati ya Umoja wa Mataifa ya kung'oa ukoloni. Vita ilikuwa moja.

Sokoine alipofariki Aprili 1984, Mwalimu alimteua Salim kuwa Waziri Mkuu. Akasimamia shughuli za Serikali bungeni hadi Novemba 1985. Kisha akawa Katibu Mkuu wa OAU miaka 12, tangu 1989 hadi 2001.

Mtu huyo alipoomba CCM imteue kugombea urais mwaka 2005, wapambe wa wenzake walihoji nini? Sera? Hapana, nasaba! Wakamwita Hizbu, yaani mtu wa chama kilichopinduliwa Januari 1964. Wakamzushia hata kifo cha Mzee Karume cha Aprili 1972, wakati mwaka huo alikuwa balozi New York! Mei 2005, mkutanoni Dodoma, alipata kura 476, Kikwete 1,072.

Sisemi Kikwete hakustahili, wala kwamba uzushi peke yake ndio uliomwangusha Salim. Nasema hivi: mtu aliyetumikia nchi miaka 40 hakustahili kuulizwa kama ni Mtanzania.

Ndugu zangu, sumu hii haina kikomo. Ikimaliza Waarabu itauliza nani Mmwera, nani Myao, nani Mmakonde, nani kahamia juzi. Mwisho itabisha hodi mlangoni kwako.

Mgombea akija Nkowe, muulize bei ya korosho na ufuta. Muulize maji, barabara na dawa za zahanati. Muulize alikofanya kazi aliacha nini. Babu yake mwache apumzike.