Kadi ya Mshahara Haiwekwi Rehani

Maneno yaliyosemwa na mwanachama mmoja wa gangi ya njia katika mkutano wa wafanya kazi na wastaafu, Kisumu



Mimi si mwanasheria wala si mtu wa benki. Nilisoma shule ya misheni mpaka darasa la nane, na kazi yangu ni mataruma na kokoto. Lakini Katibu ameniambia niseme juu ya kadi hizi tunazopokelea fedha, kwa sababu jambo lenyewe lilitokea katika gangi yetu nami nilikuwapo.

Babu yangu alifanya kazi ya reli hapa hapa Kisumu, na alikuwa mmoja wa wale waliovaa kipande shingoni. Vijana hamkijui. Kilikuwa karatasi ndani ya kikopo cha bati, imeandikwa jina lako, alama za vidole vyako na mshahara wako. Mwajiri asipotia sahihi kwamba amekuachilia, huandikwi kazi mahali pengine. Kipande kile kilikomeshwa mwaka 1947, baada ya manung'uniko ya miaka mingi. Babu alikuwa akisema: kipande ni changu, nakivaa mimi, lakini kalamu anayo mwingine. Tafadhali wekeni neno hilo moyoni, nitalirudia.

Baba yangu yeye alipokea mshahara dirishani, noti kwa noti, na njia ya kwenda nyumbani ilikuwa na wezi na vilabu vya pombe. Kwa hiyo sisemi turudi dirishani. Benki na kadi zimetuondolea mengi. Mstaafu wa Serikali aliye Nyakach halazimiki kwenda Nairobi kupokea pensheni yake. Mwaka 2014 Serikali iliwaandikisha wafanya kazi wake kwa alama za vidole ili kuwatafuta wafanya kazi hewa, nami nasema ilikuwa haki, maana mshahara wa mtu asiyekuwapo unatoka katika jasho la aliyepo.

Basi sikilizeni habari ya mzee wetu. Jina lake silitaji. Alistaafu, na pensheni yake ni shilingi 9,400 kwa mwezi. Binti yake alihitaji karo, naye akakopa shilingi 20,000 kwa mtu mmoja mwenye duka, mmoja wa hawa tunaowaita mashailoki. Mwenye duka hakutaka ng'ombe wala hati ya shamba. Alitaka kadi ya benki na namba ya siri. Mzee akampa vyote viwili.

Kila mwisho wa mwezi mwenye duka alikwenda mwenyewe kwenye mashine, akatoa fedha, akachukua 6,000, akampa mzee 3,400. Mzee alidhani analipa deni. Miezi 14 ikapita. Halafu mke wake akaugua katikati ya mwezi, naye akaja kwetu kuazima shilingi 1,500. Katibu akamwuliza, "Jaduong', pensheni imekwama?" Mzee akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Kadi iko dukani."

Tulichukua kalamu tukapiga hesabu, na ninyi pigeni pamoja nami. Miezi 14 mara 6,000 ni shilingi 84,000. Deni lilikuwa 20,000. Tukamwuliza mwenye duka deni limebaki kiasi gani, akajibu bila kupepesa macho: 20,000. Maana riba yake ni 30 kwa mia kila mwezi, na 30 kwa mia ya 20,000 ni hizo 6,000. Mzee alikuwa akilipa riba tu. Angeweza kulipa hivyo mpaka kaburini na deni lisipungue hata senti. Chama cha akiba na mikopo kinachotoza 1 kwa mia kwa mwezi kingemtoza shilingi 200 mwezi wa kwanza, na kila alipolipa riba ingeshuka.

Tulikwenda naye benki. Alichukua kitambulisho chake tu. Kadi ya zamani ikafungwa, na baada ya siku chache akapewa nyingine yenye namba mpya, akaunti ni ile ile. Mwenye duka alikuja ofisini amekasirika, ameshika karatasi ya mapatano. Tukakaa naye. Mwisho alikubali shilingi 10,000 kwa mafungu manne, akaandika risiti. Wengine wenu mlitulaumu kwamba tulimpa hata hiyo, na mimi nilikuwa upande wenu. Lakini mzee mwenyewe alisema alikopa, na alitaka kupita mbele ya duka lile bila kuinamisha kichwa. Mpaka leo sijaamua kama tulifanya sawa.

Nanyi mlio kazini msicheke. Nimeona kadi tano zimefungwa pamoja kwa mpira katika droo moja, na si zote zilikuwa za wazee.

Sasa juu ya sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 17, inasema mshahara hulipwa kwako wewe, na ukilipwa kwa benki ni katika akaunti uliyoitaja wewe. Mtu mwingine aweza kuupokea kwa niaba yako ikiwa wewe hupo na umemruhusu kwa maandishi. Tena makato yote yakijumlishwa hayapaswi kupita theluthi mbili za mshahara. Theluthi moja ni ya nyumba yako. Lakini mtazame ujanja ulipo: theluthi ile hulindwa katika hesabu za mwajiri. Fedha zikishaingia benki, na kadi iko kwa shailoki, ni nani atailinda?

Haya hayako Kisumu peke yake. Afrika Kusini mwaka 2012 walianza kulipa ruzuku za wazee na watoto kwa kadi ya alama za vidole, kazi ikiwa mikononi mwa kampuni moja. Wazee wakaanza kuona fedha zimekatwa kwa mikopo, bima na muda wa simu, na wengi walisema hawakuviomba. Chama kiitwacho Black Sash kiliwasimamia. Mahakama ya Katiba iliamua mwaka 2013 kwamba mkataba ule haukutolewa kwa kufuata sheria, na mwaka 2018 kadi zikahamishiwa Posta. Pale kadi zilikuwa mifukoni mwa wenyewe, lakini kalamu ilikuwa kwa mwingine.

Jumamosi ijayo Katibu atakuwa ofisini kuanzia saa tatu asubuhi. Mwenye kadi iliyo dukani aje na kitambulisho chake, na karatasi ya mapatano kama anayo. Hatutamwuliza alikopa kwa nini. Wazee wa Kibos, Miwani na Muhoroni wasioweza kupanda matatu watume neno kwa gangi iliyo karibu, tutawafuata.

Bwana Mwenyekiti, nimemaliza. Yule ndugu wa karakana ameinua mkono tangu nilipotaja riba, mpe nafasi aulize.